Chai, moto wake na saa yake

Kliniki humpa mama mjamzito vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Akifika nyumbani humimina chai ya asubuhi na kumeza kidonge kwa chai ile ile. Wiki zinapita, kipimo cha damu hakipandi, na lawama zote zinaangukia kidonge. Kwa sisi tunaoshughulika na majani ya chai kila siku, swali la kwanza ni hilo: kidonge kilimezwa na nini, na saa ngapi?

Ndani ya chai mna tanini na jamaa zake, zile zinazoukausha ulimi. Zikikutana na madini ya chuma tumboni huyakamata yasipenye ukuta wa utumbo, nayo yanatoka kama yalivyoingia. Chuma kinachoathirika zaidi ni kile cha mimea: maharage, dengu, mchicha, matembele, ulezi. Kikombe kimoja cha chai iliyokolea, kikinywewa pamoja na mlo wa namna hiyo, kinaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Chuma cha nyama na maini hakisumbuliwi sana. Kutia maziwa hakuondoi tatizo, kwa hiyo asijifariji mtu kwamba yake ni chai ya maziwa.

Dawa yake haina gharama. Kula kwanza, subiri walau saa moja, ndipo unywe chai. Vidonge vya chuma vimezwe kwa maji. Pale ambapo chai na chakula haviachani, weka kwenye mlo kitu chenye vitamini C: chungwa, embe, papai, nyanya mbichi, au kamulia ndimu kwenye maharage. Vitamini C hukishika chuma kabla tanini haijakifikia. Watu wengi husema, aa, mimi nakunywa chai na mkate tu, chuma kiko wapi humo? Kipo. Kenya na Tanzania sheria inavitaka viwanda viongeze madini ya chuma kwenye unga wa ngano, na sehemu ya nyongeza hiyo ndiyo inayopotea kikombeni kila asubuhi. Mtu mzima mwenye damu ya kutosha hataona tofauti. Mjamzito, msichana anayepata hedhi nzito na mtoto mdogo wataiona. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe chai kabisa, hata ile nyepesi ya kulowekea mkate. Uji wake una chuma kidogo mno cha kugawana na tanini.

Nimeanza na upande wa madhara kwa makusudi. Watu huuliza chai ipi ni ya afya, ya kijani au nyeusi, wakitarajia jibu liwe kwenye pakiti. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye saa unayoinywa, moto unaoinywea na sukari unayoitia. Aina inakuja baadaye. Lakini aina nazo zina maelezo yake, na pakiti nyingi hazisemi kweli yote.

Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na ulongi zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Mmea huo una nasaba mbili kubwa: ile ya China, yenye majani madogo na inayostahimili baridi, na ile ya Assam, yenye majani mapana. Mashamba ya Afrika Mashariki, kuanzia Kericho na Limuru hadi Mufindi, Njombe na Rungwe, yamejaa nasaba ya Assam na machotara yake. Kenya mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903, na upande wa Tanzania Wajerumani waliijaribu Amani, kwenye milima ya Usambara, miaka hiyo hiyo. Jani la Assam lina polifenoli nyingi, yaani tanini na jamaa zake, ndiyo maana chai yetu hutoa rangi haraka na haimezwi na maziwa.

Kinachozitenganisha ni kazi ya kiwandani. Mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi lake, na hurudi kwenye kichaka kile kile baada ya siku 7 hadi 14 kutegemea mvua na baridi. Akichelewa, jani la tatu na la nne huwa limekomaa, lina nyuzi, na chai yake ni hafifu. Akilibana jani kwenye gunia, linapata joto na kuwa jekundu kabla halijafika kiwandani, na hakuna mashine inayoweza kulirudisha. Kiwandani jani hunyaushwa kwa saa kama 12 hadi 18 ili lipungue maji na kulegea. Kwa chai nyeusi ya kwetu hupitishwa kwenye roli zenye meno zinazoliponda, kulirarua na kulikunja kuwa punje. Njia hiyo huitwa CTC na ilianzia Assam miaka ya 1930. Punje huachwa zipigwe na hewa kwa saa moja hivi, zinageuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto mpaka unyevu ubaki kama asilimia 3. Zaidi kidogo ya kilo nne za majani mabichi hutoa kilo moja ya majani makavu.

Chai ya kijani hairuhusiwi kugeuka rangi. Jani hupigwa mvuke au hukaangwa mapema ili vimeng'enya vinavyoligeuza rangi vife, ndipo likunjwe na kukaushwa. Chai nyeupe ni vichipukizi vilivyonyaushwa na kukaushwa basi. Bei yake ni kubwa kwa sababu ya mikono inayohitajika kuvichuma, na ladha yake ni nyororo mno kwa aliyezoea chai ya maziwa. Ulongi ya China na Taiwan iko katikati, imegeuka nusu.

Iko na chai ya zambarau, ambayo ni ya Kenya hasa. Watafiti wa chai wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011 kwa jina la TRFK 306. Majani yake yana anthosayanini, rangi ile ile ya zabibu nyeusi na bilinganya. Hutengenezwa zaidi kwa njia ya chai ya kijani. Ukiitia maji hutoa rangi ya kijivu yenye zambarau kwa mbali, na ukiidondoshea ndimu hugeuka ya waridi papo hapo. Ni kipimo kizuri: kama pakiti imeandikwa chai ya zambarau na ndimu haibadilishi chochote, una haki ya kuuliza maswali.

Kosa kubwa la wanunuzi liko kwenye madaraja. Kwenye gunia la kiwandani utaona BP1, PF1, PD, D1. Herufi hizo hazisemi ubora. Zinasema ukubwa wa punje. BP1 ndizo punje kubwa, PF1 ndogo kidogo na ndizo zinazopendwa kwa mifuko ya chai, PD na D1 ni laini zaidi, karibu unga. D1 ya kiwanda chenye majani mazuri inaweza kuwa chai nzuri kuliko BP1 ya kiwanda chenye majani mabaya. Chai hafifu huonekana kwa nyuzi za kahawia zilizochanganyika na punje. Hizo ni vikonyo na mishipa ya majani yaliyokomaa. Punje nzuri ni nyeusi au kahawia iliyoiva, zinalingana, na ukizifinya kwa vidole hazilegei.

Sasa tuipike. Chai ya rangi kwa kikombe cha mililita 200 inataka gramu 2 hadi 2.5, yaani kijiko cha chai kimoja kisichojaa sana. Maji yawe yanatokota, yamwagiwe majani, kifuniko kiwekwe. Dakika tatu kwa punje ndogo, nne kwa kubwa. Kwa D1 dakika mbili zinatosha. Watu hutaka chai kali, basi wanaacha majani yachemke robo saa. Ukali wanaoupata huo ni ukakasi, ule wa ndizi mbichi, maana rangi na harufu hutoka dakika za mwanzo na tanini nzito huendelea kutoka baadaye. Ukitaka chai ikolee, ongeza majani, usiongeze muda. Wazee wa pwani walioiita chai ya rangi 'chai ya mkandaa' waliona mbali: mkandaa ni mkoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu na tanini za kutengenezea ngozi.

Wanaoonja chai kwa ajili ya mnada wa Mombasa hawainywi kama sisi. Kipimo cha kimataifa cha kuonja ni gramu 2 kwa mililita 100 za maji, dakika sita. Chai hiyo ni nzito kwa makusudi, ili kila kasoro ijitokeze. Usiifanye ndiyo chai yako ya asubuhi.

Maji yana neno lake. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Nairobi huchemka yakiwa kama 94, na Kericho au Mufindi karibu na 93. Ndiyo maana pakiti ile ile inatoa rangi upesi pwani na inasuasua milimani. Huko juu ongeza dakika moja na ufunike vizuri. Maji ya kisima yenye chokaa huleta utando unaong'aa juu ya kikombe na rangi inayofifia kama ya tope. Tone la ndimu huuvunja utando huo. Kama nyumbani kuna maji ya mvua yaliyo safi, yatumie kwa chai; rangi yake itakushangaza.

Chai ya maziwa ya vikombe vinne: maji mililita 600, maziwa mililita 400, majani vijiko vitatu vya chai vya usawa, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa, iliki nne zilizopasuliwa. Tia tangawizi na iliki kwenye maji baridi, injika, na zikianza kutokota zipe dakika tano. Tia majani, punguza moto, dakika mbili. Ndipo maziwa. Yakipanda, punguza moto kabla hayajafurika, yaache yapande mara ya pili, funika, epua, subiri dakika mbili, chuja. Sukari kila mtu atie kikombeni mwake. Ikitiwa kwenye sufuria, familia nzima hunywa sukari ya yule anayependa tamu kuliko wote.

Mpangilio huo una sababu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa, na kinafanya kazi kwa kasi zaidi maziwa yakiwa ya nyuzijoto 60 hivi. Ukitia tangawizi mbichi kwenye maziwa yanayopata moto polepole, utaona yamekuwa mabonge, na utamlaumu muuza maziwa bure. Ikichemshwa kwanza kwenye maji kwa dakika chache kimeng'enya hufa na maziwa hubaki salama. Tangawizi kavu ya unga haina tatizo hili kubwa. Mdalasini nao uutazame: ule mwembamba unaojikunja tabaka juu ya tabaka, kama wa Zanzibar, ni tofauti na magome manene magumu ya kasia. Kasia ina kumarini nyingi, ambayo ikinywewa kwa wingi kila siku huumiza ini la baadhi ya watu.

Chai ya kijani inataka upole. Maji ya kutokota huiunguza, inatoa uchungu na harufu ya majani yaliyochemka, na hapo ndipo watu wengi wanapoichukia. Maji yanatakiwa ya nyuzijoto 75 hadi 80, dakika mbili. Huna kipimajoto? Changanya vikombe vitatu vya maji yaliyotoka kutokota na kimoja cha maji ya kawaida. Ukiwa pwani unapata karibu nyuzijoto 80, ukiwa Nairobi karibu 75. Majani hayo hayo yanaweza kutiwa maji mara ya pili na ya tatu. Maziwa usiyatie, huizima.

Faida zake sasa. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watu karibu 500,000 kwa takriban miaka 11, wengi wao wanywaji wa chai nyeusi. Waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi hicho kwa asilimia 9 hadi 13 kuliko wasiokunywa kabisa, awe anatia maziwa au hatii. Ufuatiliaji wa namna hiyo hauthibitishi kwamba ni chai pekee iliyowakinga, kwa kuwa wanywaji wa chai huweza kutofautiana na wenzao kwa mengine. Bado inatosha kuondoa dhana kwamba chai nyeusi ni maji ya rangi tu na afya yote iko kwenye ya kijani. Jani likigeuka rangi, katechini zake, ambazo ni jamaa za tanini, huungana kuwa theaflavini na nyinginezo; hazipotei zote, zinabadilika.

Utulivu ule unaoambatana na uchangamfu nao una chanzo chake. Chai ina kafeini, kama miligramu 40 kwa kikombe cha mililita 200, na ina theanini, inayohusishwa na utulivu huo, ambayo kahawa haina. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufika miligramu 400 za kafeini kwa siku. Mjamzito hushauriwa asivuke 200, na hapo hesabu pia kahawa, soda nyeusi na vinywaji vya kuongeza nguvu. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa mjamzito zaidi. Anayelala saa nne usiku akiwa amekunywa vikombe viwili vya jioni asishangae kuhesabu boriti za paa.

Vidonge na unga wa dondoo la chai ya kijani vinavyouzwa kwa ajili ya kupunguza mwili ni habari nyingine kabisa, na hapa nasema kwa msisitizo: viacheni. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba dozi ya miligramu 800 au zaidi kwa siku ya katechini iitwayo EGCG, ikitoka kwenye virutubisho, inahusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Kunywa chai kwa kikombe hakukufikishi huko kirahisi. Kidonge kinafika kwa mmezo mmoja.

Kuna hatari iliyo karibu zaidi nasi kuliko hiyo, na haizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzijoto 65, vina uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani ya umio, njia ya chakula. Kosa halikuwa la chai wala kahawa. Lilikuwa la moto. Mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kupita Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini, saratani hiyo ipo kwa wingi kuliko inavyotarajiwa, na sababu zake ni zaidi ya moja, pombe na tumbaku zikiwamo. Lakini watafiti walipopima chai ya watu wa Kilimanjaro wakati wanaanza kuinywa, wastani ulizidi nyuzijoto 70, na wanywaji wa chai ya maziwa waliianza ikiwa ya moto zaidi kuliko wa chai ya rangi. Sababu inaeleweka jikoni. Chai ya rangi mara nyingi hukaa ikisubiri majani yatoe rangi. Ya maziwa huchemka yote kwa pamoja, hutoka jikoni kwenda kwenye chupa, na kutoka chupani kwenda kinywani.

Basi ipoe. Kikombe kilichomiminwa kutoka chupani kiachwe wazi dakika saba hadi kumi. Ukiwa na haraka, mimina kutoka kikombe hadi kikombe mara mbili tatu kwa kuinua mkono juu, au rudia desturi ya zamani ya kunywea kwenye kisahani, ambako chai hutandaa na kupoa upesi. Alama rahisi: kama unalazimika kuifyonza kwa sauti ili hewa iipoze njiani, bado ni ya moto mno. Mgeni asionekane mshamba kwa kuachia kikombe kikae. Na mtoto asifundishwe kwamba chai ni ile inayounguza.

Sukari nayo. Kijiko cha chai cha usawa ni gramu 4. Kilichorundikwa hukaribia 6. Vijiko vitatu vya usawa kwenye kila kikombe, kwa vikombe vitatu, ni gramu 36 kwa siku, kabla ya andazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa manufaa zaidi, sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Anayetaka kupunguza asikate ghafla. Apunguze nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na aongeze iliki au mdalasini, kwani harufu tamu huusaidia ulimi. Wengi hufika nusu kijiko ndani ya miezi miwili au mitatu na hawarudi nyuma, kwa sababu wameanza kuionja chai yenyewe.

Kwa ndugu zetu wa Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro lipo la floridi. Mmea wa chai huikusanya floridi kutoka ardhini na kuiweka kwenye majani, yaliyokomaa yakiwa na nyingi kuliko machanga. Pale ambapo maji ya kunywa yenyewe yana floridi inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, chai nzito ya majani hafifu huongeza mzigo juu ya mzigo, na matokeo ni meno ya kahawia kwa watoto na, kwa miaka mingi, mifupa inayouma. Kuchemsha hakuitoi floridi. Maji yanapopungua, yenyewe huzidi kukolea. Huko tumia maji ya mvua au yaliyochujwa kwa njia inayoondoa floridi, chagua majani yasiyo na vikonyo, na chai iwe nyepesi.

Vile tunavyoviita chai lakini si majani ya chai, vingi havina kafeini na vinafaa usiku. Mchaichai: majani manne matano yafungwe fundo, yachemke dakika tano, na usisubiri yawe ya kahawia. Choya, au rozela, gramu 5 za maua makavu kwa nusu lita ya maji ya moto, dakika kumi. Marekani, jaribio lililochapishwa mwaka 2010 liliwapa watu 65 wenye shinikizo la damu lililopanda kidogo vikombe vitatu vya choya kwa siku, na baada ya wiki sita kipimo cha juu kilishuka kwa takriban pointi 7. Kwa hiyo anayemeza dawa za shinikizo amweleze daktari kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku, maana viwili vikishusha kwa pamoja kizunguzungu hakiko mbali. Choya ni kali kama ndimu, maziwa yatakatika.

Kwenye kununua, mtego wa kawaida ni rangi iliyoongezwa. Lowesha karatasi nyeupe ya shashi, inyunyizie majani makavu kidogo, subiri dakika moja. Majani safi huacha madoa hafifu ya kahawia yanayotokea polepole. Yaliyopakwa rangi humwaga mistari myekundu au ya chungwa mara tu yanapogusa unyevu. Pitisha pia sumaku juu ya majani yaliyotandazwa. Chembechembe za chuma zikinasa kwa wingi, rudisha.

Nyumbani adui ni hewa, mwanga, unyevu na harufu. Majani ya chai hunasa harufu kuliko kitu chochote kabatini: yaweke karibu na sabuni, vitunguu au hata masala, na baada ya wiki utainywa sabuni. Tumia kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko, na usichote kwa kijiko chenye maji. Nyeusi ikitunzwa hivyo huenda mwaka mzima na zaidi. Ya kijani inyweke ndani ya miezi sita tangu pakiti ifunguliwe.

Chupa ya chai nayo ioshwe kila siku, shingo na kizibo pia, ambako maziwa hujificha. Utando wa kahawia ndani yake ni tanini zilizoganda: kijiko kimoja cha magadi soda, jaza maji ya moto, acha nusu saa, suuza mara mbili. Na chai ya maziwa iliyokuwamo tangu asubuhi, ikifika jioni ni vuguvugu, mwaga. Joto hilo la vuguvugu ndilo bakteria wanalolipenda, na kuipasha tena hakuondoi kila walichokwisha kukiacha humo.